Miaka ya mwili na miaka ya wokovu: Mkristo anahesabu kuanzia wapi?

Dar es Salaam, mtu akifikisha mwaka mwingine inabidi ajihadhari na ndoo. Wenzake wa ofisini au vijana wa kwaya watamvizia mlangoni, na kabla hajasema asante ya kwanza atakuwa ameloa chapachapa, pengine na unga juu yake. Keki inafuata, watu wanalishana, picha zinarushwa WhatsApp. Jumapili yake mtu huyohuyo anaweza kusimama mbele ya kanisa na bahasha ya shukrani, mchungaji akamwekea mikono na kumwombea mwaka wenye baraka.

Mtaa wa pili mambo ni mengine. Wapo wasiogusa kabisa keki ya bethdei, Mashahidi wa Yehova wakiwa ndio wanaojulikana zaidi, kwa sababu wanaiona desturi ya kipagani. Yupo mlokole atakayekwambia bila kutabasamu kwamba ana umri wa miaka sita: kitambulisho chake cha NIDA kinasema 41, lakini yeye anahesabu tangu jioni alipoongozwa sala ya toba. Halafu yuko bibi mzaa mama, Mkatoliki wa tangu zamani, ambaye tarehe yake ya kuzaliwa anaikisia tu, ila sikukuu ya somo wake, mtakatifu aliyepewa jina lake, haijawahi kumpita.

Ukiwaweka watu hawa sebule moja watabishana hadi chai ipoe, na sehemu kubwa ya ubishi itatokana na kuzungumzia tarehe tatu kana kwamba ni moja. Kuna siku mwili ulipozaliwa. Kuna siku mtu alipobatizwa. Na kuna siku, kwa wale walio nayo, mtu alipomgeukia Kristo kwa moyo wake mwenyewe. Niseme mapema ninakoelekea: hiyo ya tatu ndiyo tunayoipigania zaidi, na ndiyo ambayo Biblia haijishughulishi sana kuiwekea tarehe.

Farao, Herode na keki

Wanaokataa bethdei huanza na ushahidi wa Biblia yenyewe, na si ushahidi wa kubeza. Sherehe za siku ya kuzaliwa zinazotajwa waziwazi ni mbili tu. Moja ni ya Farao, Mwanzo 40, ambapo mnyweshaji alirudishwa kazini na mkuu wa waokaji akatundikwa. Nyingine ni ya Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, Mathayo 14 na Marko 6: binti akacheza, mtawala akaapa mbele ya wageni, kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa katika kombe. Sherehe mbili, maiti mbili. Ongeza Ayubu na Yeremia walioilaani siku waliyozaliwa, na Mhubiri anayesema siku ya kufa ni heri kuliko siku ya kuzaliwa, utaelewa kwa nini wapo wanaoisogeza keki pembeni.

Lakini hoja hiyo ukiivuta hadi mwisho inakatika. Danieli 5 inasimulia karamu ya Belshaza iliyoishia kwa mfalme kuuawa usiku uleule, na hakuna aliyewahi kuhitimisha kwamba Mkristo asialike watu chakula. Kilichomuua Yohana ni kiapo cha mlevi wa sifa pamoja na chuki ya Herodia. Tena ni Yohana huyuhuyu ambaye katika Luka 1 malaika anamwambia baba yake, Zakaria, kwamba watu wengi watafurahia kuzaliwa kwake; na Elisabeti alipojifungua, majirani na jamaa walikuja kufurahi pamoja naye kama wanavyokuja majirani wa Mbagala au Tabata. Mtu ambaye kuzaliwa kwake kulitangazwa kuwa shangwe ya wengi ndiye aliyekatwa kichwa kwenye bethdei ya mwingine. Luka, angalau, hakuona ubaya wa watu kukusanyika kwa sababu mtoto amezaliwa.

Kuna pia wana wa Ayubu, ambao sura ya 1 inasema walifanya karamu nyumbani kwa kila mmoja “kwa siku yake”. Wapo wafafanuzi wanaosema hizo zilikuwa siku zao za kuzaliwa, na si wote wanaokubali. Mimi kinachonivutia ni baba yao. Karamu zikiisha anaamka alfajiri kutoa sadaka kwa ajili ya kila mtoto, akihofia huenda wamekosa. Anahofu, na bado hawakatazi karamu.

Kwa nini basi Wakristo wa mwanzo waliinunia siku hiyo? Kwa Warumi siku ya kuzaliwa ilikuwa na ibada yake: mtu alimtolea roho mlinzi wake uvumba, divai na mikate. Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliwahubiria waumini kwamba hakumwona mtakatifu yeyote katika Maandiko aliyefanya karamu siku yake ya kuzaliwa. Waliofanya ni kina Farao na Herode. Mtu aliyeishi katikati ya madhabahu hizo alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kuyachukua maneno yake leo na kuyatumia dhidi ya mtoto wa darasa la pili wa Kinondoni anayezima mishumaa ni kumwonea mtoto.

Na Wakristo hao walikuwa na siku ya kuzaliwa ya aina yao. Polikarpo, askofu wa Smirna, aliuawa katikati ya karne ya 2. Liwali alipomtaka amtukane Kristo, mzee alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 na hajatendewa baya lolote. Atamtukanaje Mfalme aliyemwokoa? Waumini walioandika habari za kifo chake wanasema watakusanyika kila mwaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya ushahidi wake, yaani siku aliyokufa. Desturi hiyo iko hai hadi leo. Kalenda ya Kanisa Katoliki huwakumbuka watakatifu wengi siku waliyofariki, na kuzaliwa kunakoadhimishwa ni kwa watatu tu: Yesu tarehe 25 Desemba, Maria tarehe 8 Septemba, na Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni. Yohana ana zote mbili, maana kukatwa kichwa kwake kunakumbukwa 29 Agosti. Hata 25 Desemba haitoki kwenye Injili. Inaonekana katika kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354.

Ile miaka 86 nayo ina ubishi wake: wasomi hawajakubaliana kama Polikarpo alihesabu tangu kuzaliwa au tangu kubatizwa. Mahesabu haya hayakuanza kuchanganywa Dar es Salaam.

Israeli ya kale haikuhitaji keki ya kila mwaka kwa kuwa ilikuwa na alama nyingine. Mtoto wa kiume alitahiriwa siku ya nane. Mama alitimiza siku 40, kwa hesabu ya Walawi 12, kisha akaenda hekaluni, kama Maria alivyokwenda na sadaka ya maskini, ndege wawili. Ibrahimu alifanya karamu kubwa, na hakuifanya Isaka alipozaliwa, aliifanya mtoto alipoachishwa kunyonya. Mtu wa Pwani hashangazwi na haya. Arobaini ya mzazi anaijua, mtoto kutolewa nje anakujua. Na wazee wetu wengi hawakuzaliwa tarehe fulani. Walizaliwa mwaka wa nzige, au wakati wa vita vya Hitla. Bethdei ya kila mwaka inataka kalenda ukutani na cheti kabatini, vitu ambavyo kwa familia nyingi ni vya juzi.

Kwa hiyo swali la kama keki ni halali mimi naliona jepesi. Warumi 14:5 inatosha: mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huona siku zote sawasawa, kila mtu athibitike katika akili zake. Majirani zetu Waislamu wana mjadala wao unaofanana na huu kuhusu Maulidi, na tunajua jinsi usivyokwisha. Kinachonisumbua zaidi ni kamati. Mtoto anatimiza mwaka mmoja, hatakumbuka lolote, lakini kuna kikundi cha WhatsApp cha michango, kuna MC, kuna ndafu mwenye majani mdomoni, na baba anarudi kazini Jumatatu na deni. Hapo Farao na Herode wanaanza kunukia, kwa sababu karamu zao zilikuwa za kuonyesha ukubwa mbele ya wageni.

Mwalimu aliyekuja usiku

Yohana 3 inajulikana kwa aya ya 16, lakini mazungumzo yenyewe yanaanza na mtu mzima aliyekuja usiku. Nikodemo alikuwa Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu. Yesu anamwambia: “Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu.” Nikodemo anauliza kama mzee anaweza kuingia tumboni mwa mamaye akazaliwa tena. Wahubiri humcheka hapo, nami nadhani wanamwonea. Marabi walikuwa na msemo, uliohifadhiwa katika Talmudi, kwamba mtu wa mataifa akiongoka na kuingia Uyahudi ni kama mtoto aliyezaliwa sasa. Basi lugha ya kuzaliwa upya haikuwa ngeni masikioni mwa Farisayo. Kilichokuwa kigeni ni kuambiwa yeye, mzawa wa Ibrahimu na mwalimu wa sheria, aanze pale wanapoanzia watu wa nje. Aliyesimamia foleni anaambiwa aende nyuma ya foleni.

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo tunapopita haraka: hakuna anayejizaa. Injili hii ilishalisema katika sura ya 1, kwamba wanaofanywa watoto wa Mungu wamezaliwa, “si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu.” Katika kuzaliwa kwa kwanza sisi hatukuchangia chochote. Kila mwaka tunampa zawadi yule ambaye siku ile hakufanya kitu ila kulia, na mama aliyepata uchungu usiku kucha pale hospitali ya Amana au Mwananyamala anaachiwa kazi ya kupika pilau. Ikiwa kuna marekebisho ya kufanya kwenye bethdei za Kikristo, ningeanzia hapo, keki ya kwanza alishwe mama.

Kuzaliwa kwa pili nako ni hivyohivyo. Nimesikia shuhuda nyingi ambamo msimulizi ndiye mtendaji mwanzo hadi mwisho: aliamua, alinyoosha mkono, alitoka mbele, aliacha pombe, akafunga siku tatu kavu. Mungu anatajwa kwenye salamu na kwenye amina. Mambo hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na toba haikwepeki kwa mtu mzima, lakini ushuhuda wa namna hiyo unamweka mtoto mahali pa mzazi. Yesu anamwambia Nikodemo kwamba upepo huvuma upendako, sauti yake unaisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda, na ndivyo alivyo kila aliyezaliwa kwa Roho. Hamwekei ratiba. Hamwambii afuate hatua nne.

Maji kwanza au Roho kwanza?

Sasa tufike panapouma. Kijana aliyebatizwa mchanga anahamia kanisa la kiroho, tuseme Kimara, anaokoka, na siku moja anarudi nyumbani na habari.

“Mama, Jumamosi nabatizwa baharini, Kunduchi.”

“Kwani mtu anabatizwa mara ngapi, mwanangu? Mimi mwenyewe nilikubeba hadi kanisani Azania Front.”

“Ule haukuwa ubatizo, mama. Nilikuwa mtoto, sikuamini chochote.”

“Na mimi niliyeamini kwa ajili yako nilikuwa nacheza?”

Mazungumzo haya, kwa majina na makanisa tofauti, yamezigawa nyumba nyingi za jiji hili. Yanastahili kusikilizwa pande zote mbili bila kuwapuuza wasemaji.

Mama anasimama na Wakatoliki, Walutheri wa KKKT na Waanglikana. Kwao ubatizo si cheti cha imani ambayo mtu ameshaikamilisha. Ni tendo la Mungu. Tito 3:5 inasema tumeokolewa “kwa kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu”, na Yohana 3:5 inataja maji na Roho kwa pumzi moja. Ikiwa kuzaliwa ni kazi ya mzazi, kwa nini mtoto wa miezi mitatu asiweze kuzaliwa na Mungu? Ana uwezo uleule aliokuwa nao alipozaliwa na mama yake, yaani hana uwezo wowote, na ndiyo maana ya neema. Kipaimara kitakuja baadaye, mtoto atakapoweza kuitikia mwenyewe kile alichopewa. Kurudia ubatizo kwao ni kumwambia Mungu kwamba mara ya kwanza hakumaanisha. Kanuni ya Imani inayotamkwa Jumapili, iliyokamilishwa katika mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381, inaungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi.

Kijana anasimama na Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato. Yeye anaona mfuatano katika Agano Jipya: watu walisikia, wakaamini, wakabatizwa. Marko 16:16 inasema “Aaminiye na kubatizwa”, na kuamini kumetangulia. Katika makanisa hayo watoto huombewa na kuwekwa wakfu, kama Ana alivyomtoa Samweli. Ubatizo wa maji mengi unasubiri mtu ajue anachofanya. Kuzaliwa mara ya pili kumetokea ndani, pale alipotubu na kuamini. Maji yanaonyesha hadharani kifo na ufufuo ambavyo Paulo anavieleza katika Warumi 6. Kijana pia ana ushahidi mwingine ambao mama hawezi kuukana. Alibatizwa, akapata kipaimara, akavaa shati jeupe, na kwa miaka kumi baada ya hapo hakukanyaga kanisani ila kwa ndoa na misiba.

Nikiwatazama, naona kila mmoja anajibu swali lake. Mama anajibu nani anayezaa. Kijana anajibu kama aliyezaliwa anaishi. Yote mawili ni maswali ya kweli, na kila kanisa lililoshika moja na kulisahau la pili lina makovu ya kuonyesha.

Anayetafuta mfuatano rasmi akisoma Matendo ya Mitume atachoka. Samaria, sura ya 8, watu wamebatizwa kwa maji na Roho bado hajawashukia, mpaka Petro na Yohana wanafunga safari kuja kuwawekea mikono. Kaisaria, sura ya 10, nyumbani kwa Kornelio, Roho anashuka Petro akiwa bado anahubiri, na maji yanakuja nyuma yanakimbizana. Filipi, sura ya 16, mlinzi wa gereza anaamini na kubatizwa usiku uleule pamoja na wote wa nyumbani kwake, na kama kulikuwa na kachanga humo Luka hakutuambia, ndiyo maana kila upande huitumia aya hiyo. Mnyang'anyi aliyesulubiwa na Yesu hakupata maji kabisa, na aliahidiwa paradiso siku hiyohiyo. Luka aliyeandika yote haya hakuona haja ya kuyanyoosha.

Sisemi kwamba tofauti imekwisha. Haijaisha, na kijana akishazamishwa Kunduchi mama yake atalia kweli. Mlutheri akihamia Ukatoliki habatizwi tena, kwa sababu makanisa hayo yanatambuana katika hili. Akihamia kanisa la Kipentekoste atabatizwa, na kwa hesabu ya huko itakuwa mara ya kwanza. Tofauti hiyo ina uzito, na anayewaambia wanafamilia kwamba ni mambo madogo hajawasikiliza.

Ila kuna sauti moja ambayo pande zote zingefaidika nayo. Martin Luther alizaliwa 10 Novemba 1483 na akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martino, ndipo jina lake lilipotoka. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya tukio hilo, na bado aliwafundisha watu kwamba dhamiri ikiwashtaki wajibu: hata hivyo nimebatizwa. Lakini katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipouliza kubatizwa kwa maji kunamaanisha nini, jibu lake lilikuwa kwamba mtu wa kale ndani yetu anapaswa kuzamishwa na kufa kila siku kwa toba, na kila siku mtu mpya atokee na kufufuka. Kila siku. Mama akiisoma hiyo sawasawa hawezi kumtetea mtoto aliyepotea miaka kumi kwa kuonyesha cheti, na kijana akiisoma hawezi kudhani kwamba aliyamaliza yote Jumamosi moja ufukweni.

Wenye tarehe na wasio nayo

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ana tarehe na hata saa. Tarehe 24 Mei 1738, mtaa wa Aldersgate, London, kama saa tatu kasorobo usiku, akisikiliza mtu akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu, akajua kwamba Kristo amemwondolea dhambi yeye hasa. Wakati huo alikuwa kasisi wa Kianglikana kwa miaka kadhaa, na alishakwenda Marekani kuhubiri na kurudi. Walioutia nguvu utafutaji wake ni Wamoraviani, kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891.

Afrika Mashariki tulipata ya kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na waliouchukua walikuwa zaidi watu wa ndani ya makanisa, waliokwisha kubatizwa. Waliungama dhambi hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakatembea kijiji kwa kijiji wakisimulia siku Yesu alipowakuta. Huko ndiko lilikotoka jina walokole, ambalo Dar es Salaam ya leo humbandika yeyote anayesema Bwana asifiwe mara mbili. Jambo la kukumbuka ni kwamba wengi wao walibaki makanisani mwao. Hawakuona kwamba siku ya kuokoka inafuta siku ya kubatizwa.

Kwa watu wa namna hii tarehe ni zawadi. Paulo ana njia ya Dameski na anaisimulia kila anapopata nafasi. Ubaya unaanza pale mwenye Dameski anapomdai kila mtu awe na yake. Timotheo hana. Paulo, bingwa wa ushuhuda wa siku moja, anamwandikia kijana huyo kuhusu imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na jinsi alivyoyajua Maandiko tangu utoto. Hamuulizi aliokoka lini. Kuna watoto wa Dar waliokulia kwenye Jumuiya, kwenye sala za jioni, kwenye shule ya Jumapili, ambao hawakumbuki siku wasiyomwamini Kristo. Wakisimamishwa kwenye mkutano wa injili na kuulizwa tarehe, wengine hubuni. Huo ni uonevu, maana tunamfundisha mtu kusema uongo ili akubalike kuwa ameipokea kweli. Mtu anayehema mbele ya daktari haombwi cheti cha kuzaliwa ili ithibitike kwamba yu hai.

Miaka ya wokovu nayo haielezi kila kitu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unawaambia watu ambao kwa muda waliokaa walipaswa kuwa walimu kwamba bado wanahitaji maziwa. Utakutana na aliye na miaka 20 katika wokovu anayemfokea konda wa daladala kwa shilingi mia, na aliyeokoka mwezi uliopita ameshakwenda kumwomba msamaha mdogo wake kwa ajili ya kiwanja.

Na Nikodemo je, alizaliwa lini mara ya pili? Yohana hasemi. Katika sura ya 3 anaondoka bila jibu lililoandikwa. Katika sura ya 7 yumo barazani, anauliza kwa uangalifu kama sheria inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na wenzake wanamkejeli kama naye ametoka Galilaya. Katika sura ya 19 Yesu ameshakufa, wanafunzi wamejificha, na yule mtu wa usiku anakuja na machanganyiko ya manemane na udi yapata ratili mia. Mahali fulani kati ya sura hizo upepo ulivuma. Mwinjilisti ametupa uzito wa manukato na hakutupa tarehe.

Kwa anayetaka kuzijua tarehe zake hata hivyo, ile ya ubatizo ndiyo iliyo rahisi kuipata na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwezi Januari 2014 Papa Francisko aliwauliza mahujaji pale Roma ni wangapi wanaijua siku waliyobatizwa, akawaambia wakirudi nyumbani waitafute. Kwa Wakatoliki imo kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa, na si lazima iwe parokia unayosali sasa. Nenda ofisini na jina la ubatizo, majina ya wazazi na ya wasimamizi kama unayajua, na mwaka wa kukadiria. Pembeni ya jina lako huongezwa kipaimara, ndoa au upadri, ndiyo maana paroko hukuagiza cheti kabla ya kutangaza ndoa. Makanisa ya Kilutheri na Kianglikana nayo huweka vitabu vya namna hiyo. Na usikitupe cheti hicho ukishakipata: mtu aliyezaliwa nyumbani bila karatasi yoyote, akienda ukubwani kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo anavyoweza kupeleka kuthibitisha kwamba alizaliwa ile mara ya kwanza.